Uzi: Ulinzi wa anga wa Uingereza mwaka 1940 dakika kwa dakika, na matishari ya Hitler yaliyobaki bandarini

Fundi Masafa (mwenye uzi)

Wakuu, kila uzi wa Vita Kuu ya Pili ukifika kiangazi cha 1940 haupiti ukurasa bila mtu kuandika "rada ndiyo iliyoiokoa Uingereza", na mwingine kumjibu "acha hizo, ni Spitfire" (ndege ya kivita ya Waingereza). Wote wameshika mkia wakadhani wamemshika ng'ombe mzima. Leo tuweke ndege pembeni kwanza, tupige hesabu ya dakika.

Ufaransa ilisalimu amri 22 Juni 1940. Baada ya hapo viwanja vya Wajerumani vikawa ng'ambo tu ya maji: Calais mpaka Dover ni kilomita 33. Ndege ya mabomu yenye mzigo inakwenda kama kilomita 5 kwa dakika, kwa hiyo maji yote inayavuka ndani ya dakika 7. Spitfire nayo inataka dakika 8 hadi 10 kufika futi 20,000, Hurricane, mwenzake, zaidi kidogo. Hapo sijahesabu dakika 2 mpaka 5 za rubani kuikimbilia ndege, kuwasha na kuruka. Ukisubiri uwaone kwa macho umeshachelewa. Dawa ya zamani ilikuwa kuweka doria angani muda wote, lakini doria inakula mafuta, injini na marubani, na adui anaweza kutokea pale pale inaposhuka kujaza tangi.

Dakika zilizopungua zilipatikana hivi. Vituo vya rada vya Chain Home pwani ya kusini na mashariki viliweza kuona ndege zilizo juu kwa umbali wa hadi kilomita 190 hali ikiwa nzuri. Kundi kubwa la ndege za mabomu haliwezi kuja moja moja: lazima likutane juu ya Pas-de-Calais, pwani ya Ufaransa, lizunguke, lipande, lipangane, lingoje wasindikizaji wake. Muda wote huo mwangwi wake unaonekana Dover na Rye. Yaani adui mwenyewe alikuwa anakupa dakika 10 au 15 bure.

Sasa toa matumizi. Kutoka mwangwi kuonekana mpaka alama kukaa kwenye meza ya sekta (kituo kinachoongoza skwadroni za eneo moja) ni kama dakika 4. Kidhibiti, yaani ofisa anayeongoza ndege kwa redio, kuamua, dakika 1 au 2. Kuruka, 3. Kupanda, 9. Jumla ni 17 au 18. Ukipoteza dakika 3 popote katikati, skwadroni yako inakutana na Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, ikiwa bado inapanda, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa rubani.

Karibuni. Anayejua eneo lake aongezee, ila tuzungumze vifaa na utaratibu.

Kisima cha Maswali

Mkuu, hiyo rada ilikuwa inazunguka kama za meli? Na ilijuaje urefu wa ndege na idadi yake?

Fundi Masafa

Haikuzunguka. Chain Home ilimwaga mawimbi kama taa ya uwanjani, eneo pana mbele ya kituo, kwa masafa ya megahezi 20 hadi 30, yaani mawimbi ya mita 10 mpaka 15. Antena za kurushia zilining'inizwa kwenye minara ya chuma ya futi 360, za kupokelea kwenye minara ya mbao ya futi 240. Mbao ni kwa sababu chuma karibu na kipokezi kingevuruga mwelekeo.

Umbali ndio ulikuwa rahisi na sahihi: mwangwi unachukua muda gani kurudi, unausoma kwenye kioo. Mwelekeo ulipatikana kwa antena mbili zilizopishana msalaba na kifaa cha kuzungusha kwa mkono, goniomita. Mwendeshaji anazungusha mpaka mwangwi *unapotea*, si mpaka unapokuwa mkubwa, kwa sababu sehemu ya kupotea ni nyembamba na inasomeka vizuri zaidi. Makosa ya nyuzi kadhaa yalikuwa ya kawaida.

Urefu ndio uliokuwa kichwa kuuma. Ulilinganisha nguvu ya mwangwi kwenye antena mbili zilizowekwa kimo tofauti mnarani. Lakini mawimbi hayo yanadunda ardhini kabla ya kufika antena, na ardhi ya Dover si ya Pevensey. Kila kituo kilibidi kipimwe peke yake kwa kurusha ndege ya majaribio kukizunguka kwa urefu unaojulikana, kisha jedwali la masahihisho lake liandikwe. Kosa la futi elfu kadhaa halikushangaza mtu. Ndiyo maana marubani wengi waliopewa urefu fulani waliongeza kimya kimya futi elfu mbili tatu juu yake, wasije wakatokea chini ya adui.

Idadi haikuhesabiwa, ilikisiwa. Mwangwi wa ndege moja unatulia. Wa ndege nyingi unatetema kwa sababu miangwi inapandana. Mwendeshaji mzoefu, na wengi walikuwa wasichana wa WAAF (kikosi cha wanawake cha jeshi la anga), aliutazama mtetemo huo akasema "thelathini na zaidi".

Udhaifu mkubwa mwingine: Chain Home haikuona ndege za chini. Hapo zikaja Chain Home Low, wimbi la mita 1.5, antena ya kuzungushwa, mwale mwembamba unaofagia usawa wa bahari. Na zote zilitazama baharini tu. Adui akishavuka ufukwe, rada imemaliza kazi.

Mpanga Ramani

Hapo ndipo watu wanaporuka hatua, ngoja niijaze.

Nchi kavu kazi ilikuwa ya Kikosi cha Watazamaji: raia wapatao 30,000 kwenye vituo kama 1,000, wenye darubini, simu, na meza yenye ramani ya duara iliyokatwa miraba. Juu ya meza kuna kifaa cha kulengea. Unakisia urefu, unaiweka ndege kwenye shabaha, mshale wa chini unaangukia mraba wa ramani. Ukikosea urefu umekosea na mahali pia. Kwa hiyo vituo viwili vikiona ndege ile ile na miraba yao haikubaliani, kosa huwa ni la urefu, na kulikuwa na kiongezo cha kifaa cha kurekebisha hilo papo hapo. Mawingu yakifunga wanabaki na masikio tu.

Taarifa za rada hazikwenda moja kwa moja kwa marubani, na hapo ndipo penye akili yote. Zilikwenda kwanza chumba cha kuchuja, Bentley Priory, kaskazini magharibi ya London, makao makuu ya Hugh Dowding, kamanda wa ndege za kivita. Fikiria vituo vitatu vinaona kundi moja. Kila kimoja kina kosa lake la mwelekeo, kwa hiyo mezani yanaonekana makundi matatu. Ukiyatuma hivyo hivyo utarusha skwadroni tatu kukimbiza kundi moja, na kundi la nne, la kweli, litapita bila mtu. Mchujaji anajua kwamba umbali ni wa kuaminika kuliko mwelekeo, kwa hiyo anachora tao la umbali kutoka kila kituo, na pale matao yanapokatana anaweka alama moja. Kisha analinganisha na orodha ya ndege zao zilizo angani, anatoa hukumu: adui, rafiki, haijulikani. Ndipo inashuka kwenye Makundi (kila Kundi lina sekta kadhaa) na sekta kwa wakati mmoja kwa simu.

Mezani kila mshale ulikuwa na rangi. Saa ya ukutani ilikatwa vipande vya dakika 5: nyekundu, njano, buluu, halafu inarudia. Mshale unawekwa kwa rangi ya kipande ambacho sindano ya dakika imo. Kamanda akitazama chini tu anajua ipi ni habari mbichi na ipi imechacha, bila kuuliza mtu. Mshale wa rangi ya zamani unaondolewa.

Mbishi Halali

Nisaidieni kitu kimoja. Wajerumani walikuwa na rada zao, Freya na Würzburg, na kiufundi zilikuwa safi kuliko hayo maminara. Würzburg ilitumia wimbi la sentimita 53, ikalenga ndege moja moja. Sasa Waingereza wanasifiwa nini?

Mpanga Ramani

Swali halali kama jina lako. Chain Home ilikuwa teknolojia ya haraka haraka: jaribio la kwanza pale Daventry lilifanyika 26 Februari 1935, wanasayansi Watson-Watt na Wilkins wakitumia mawimbi ya redio ya BBC na ndege moja ya mabomu, Heyford, ikipita juu. Miaka minne na nusu baadaye mnyororo wa vituo ulikuwa kazini. Walichagua mawimbi marefu kwa sababu vifaa vyake vilikuwa tayari vinajulikana kutengenezwa. Wangengoja kitu kizuri zaidi, Agosti 1940 ingewakuta maabara.

Ila jibu lenyewe ni simu. Mwaka 1940 Wajerumani walikuwa na rada nzuri isiyounganishwa na mtu wa kuamua. Waingereza walikuwa na rada ya hivi hivi iliyofungwa kwenye waya za posta mpaka sikioni mwa rubani. Ujasusi wa Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, ulijua minara ipo. Haukujua chumba cha kuchuja kipo.

Fundi Masafa

Na mfumo haukuzaliwa mzima. 6 Septemba 1939, siku tatu baada ya vita kutangazwa, taarifa ya uongo ilizaa nyingine: ndege zao zilizoruka kuchunguza zikahesabiwa adui, zikarushwa nyingine kuzifuata, mwisho Spitfire zikatungua Hurricane mbili na rubani mmoja akafa. Wanaliita pambano la Barking Creek. Baada ya hapo kifaa cha kutambulisha ndege rafiki kwenye rada kikasukumwa kwa haraka.

Antena ya Bati

Kwa sekta sasa. Kundi la 11, chini ya Keith Park wa New Zealand, lilikuwa na sekta saba: Tangmere, Kenley, Biggin Hill, Hornchurch, North Weald, Debden, Northolt. Kidhibiti wa sekta ndiye anayezungumza na marubani, na shida yake ya kwanza ni kujua ndege *zake* ziko wapi, maana rada haitazami nyuma.

Jibu lilikuwa Pip-squeak. Redio ya TR.9 ndani ya ndege inatoa mlio kwa sekunde 14 kila dakika, yenyewe kwa saa. Vituo vitatu vya ardhini vinapima mlio unatoka upande gani, vinapiga simu sekta, pale wanavuta nyuzi tatu juu ya meza. Zinapokutana ndipo skwadroni ilipo. Dakika imegawanywa robo nne, kila skwadroni na robo yake. Ndege moja tu kwa skwadroni inalia.

Matatizo yake: wakati inalia, rubani huyo hawezi kusikia wala kusema. Akisahau kuiwasha, skwadroni nzima inapotea mezani, ndiyo maana kidhibiti alikuwa anauliza kwa fumbo kama jogoo wake anawika. Na TR.9 yenyewe ilifika kama kilomita 55 siku ikiwa njema, kisha ni miluzi mitupu.

Kuwakutanisha na adui walitumia kanuni iliyotoka majaribio ya Biggin Hill ya 1936, wakaiita pembe ya Tizard. Chora mstari kutoka ndege zako hadi adui. Adui anakwenda kwa pembe fulani juu ya mstari huo. Wape wako pembe ile ile upande wao. Pembetatu ina pande mbili sawa, kwa hiyo kama kasi zinalingana mtakutana kileleni, na kama wako wana kasi zaidi watafika mapema. Adui akigeuka, chora upya. Ofisa aliyezoea hakuhitaji kikokotoo, jicho lilitosha. Ni hesabu ya shule ya msingi iliyookoa sekunde nyingi kuliko mashine yoyote.

Mzigo wa Risasi

Nikiingia upande wa uwanjani. Spitfire na Hurricane za wakati huo zilikuwa na bunduki 8 za Browning za inchi 0.303. Spitfire ilibeba risasi 300 kwa kila bunduki, ikimaanisha sekunde kama 15 za kufyatua, basi. Bf 109E ilikuwa na mizinga miwili ya milimita 20 yenye risasi 60 tu kila mmoja, sekunde kama 7, lakini moja ikikupata unaijua.

Hurricane ilipendwa na mafundi: bunduki zake nne nne zimepangwa pamoja bawani, kifuniko kimoja unazifikia zote. Za Spitfire zimetawanyika, vifuniko vingi, dakika zinaongezeka. Midomo ya bunduki ilibandikwa kitambaa chekundu kuzuia unyevu usiingie ukaganda huko juu, risasi ya kwanza inakitoboa. Ukiona kitambaa kimechanika ndege inaposhuka, unajua bila kuuliza kwamba imefyatua na inahitaji risasi.

Ulengaji ulianza vibaya. Agizo la kwanza lilikuwa bunduki zikutane mbali, yadi 400, kwa kutawanya risasi. Kwa bunduki ndogo hiyo ni kupaka rangi. Marubani wenye uzoefu walizisogeza hadi yadi 250, na ndiyo ikaenea.

Kuna pia kabureta ya Merlin, injini ya Spitfire na Hurricane. Ukisukuma usukani mbele ghafla, mafuta yanaruka juu na injini inakohoa. Bf 109 ina sindano za kuingizia mafuta, inachomoka chini bila shida. Dawa ya muda: pinduka kichwa chini kwanza kisha vuta. Tiba halisi, kipete kidogo cha kupunguza mafuta alichobuni Beatrice Shilling, ilifika 1941, vita vya mchana vimeshaisha. Kilichowahi ni mafuta ya oktani 100 na panga (propela) za kasi thabiti, zilizofungwa viwanjani kwa haraka kuanzia Juni. Hizo zilikata dakika za kupanda, na tumeshasema dakika ndiyo mali.

Mbishi Halali

Sawa. Kama mfumo ulikuwa wa waya na minara, kwa nini Wajerumani hawakukata waya na kubomoa minara?

Mpanga Ramani

Walijaribu. 12 Agosti walipiga Dover, Rye, Pevensey na Ventnor. Tatu za kwanza zilirudi hewani ndani ya saa chache. Mnara wa nondo zilizokingamana haushiki mlipuko, upepo wa bomu unapita katikati. Cha kulenga ni vibanda na umeme. Ventnor iliumia kweli, ikapigwa tena 16 Agosti, ikafidiwa na kituo cha kuhamishika Bembridge mnamo 23 Agosti. Lakini Göring, mkuu wa Luftwaffe, alikuwa ameshasema 15 Agosti kwamba haoni faida ya kuendelea na vituo hivyo. Kwa maoni yangu ndilo kosa lao la gharama kubwa kuliko hata kuacha viwanja vya ndege na kugeukia London.

Udhaifu halisi ulikuwa mwingine kabisa: vyumba vya operesheni vya sekta vilijengwa juu ya ardhi, katikati ya uwanja, ndani ya jengo la kawaida lenye tuta. Kenley, 18 Agosti, ndege tisa za mabomu za Do 17 zilikuja chini chini juu ya paa za nyumba. Rada haikuziona, watazamaji wa Beachy Head ndio waliopiga simu. Uwanja ulizirushia roketi zenye nyaya za chuma na parachuti, moja ikanasa. Hata hivyo nyaya za simu zilikatika, chumba kikahamia duka la nyama lililofungwa, Caterham. Biggin Hill ilipigwa mfululizo mwisho wa Agosti. Helen Turner na Elspeth Henderson wa WAAF walibaki kwenye simu mpaka jengo likaangukiwa. Mafundi wa posta waliunganisha nyaya ndani ya shimo la bomu, waya kwa waya, kwa rangi. Sekta ilirudi ikiwa na uwezo wa kuongoza skwadroni moja badala ya tatu.

Kisima cha Maswali

Na ule ugomvi wa kundi kubwa la Duxford?

Antena ya Bati

Tuupitie haraka maana unakula nyuzi nzima. Leigh-Mallory, mkuu wa Kundi la 12, na Douglas Bader, kiongozi wa skwadroni huko, walitaka skwadroni tatu hadi tano ziungane kwanza ndipo zipige. Park alizituma moja moja au mbili mbili. Rudi kwenye hesabu ya Fundi Masafa: Park hakuwa na dakika za kuunganisha. Duxford iko kaskazini, ilikuwa nazo, lakini mara kadhaa ilipomaliza kujipanga adui alikuwa ameshapiga viwanja ambavyo iliombwa ivilinde. 15 Septemba ilifika London kwa wakati, na wafanyakazi wa ndege za mabomu waliokuwa wameambiwa Waingereza wamebakiwa na ndege za mwisho wakakutana na skwadroni tano kwa mpigo. Hilo lilikuwa pigo la moyo. Madai ya siku ile yalikuwa ndege 185. Za kweli ni kama 56. Kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo watu watatu wanavyodai ndege moja.

Mzinga wa Bandari

Wakuu mmesahau mizinga na mabaluni.

Baluni moja: urefu mita 19, haidrojeni kama mita za ujazo 550, kebo ya chuma, lori la winchi, linapanda mpaka mita 1,500. Halikuwekwa ili kutungua. Kazi yake ni kumlazimisha adui abaki juu, ambapo ulengaji wake ni mbovu na mizinga mizito inamwona. Siku ya radi ni balaa, yanawaka moja baada ya jingine.

Mizinga ya inchi 3.7 ina tatizo la sekunde: ganda linachukua sekunde 15 hadi 20 kufika futi 20,000, na muda huo ndege imeshasogea zaidi ya kilomita moja. Kikokotoo kinadhani ndege inakwenda moja kwa moja kwa kasi ile ile. Ikipinda kidogo, umepiga hewa. Usiku ni upofu. London ilianza 7 Septemba na mizinga mizito 92. Jenerali Pile, mkuu wa mizinga ya kutungulia ndege, akaifikisha 203 ndani ya saa 48, kisha akaamuru ipige tu. Mwezi ule ilihesabiwa maganda kama 20,000 kwa kila ndege iliyoanguka. Vipande vilirudi vichwani mwa wenyeji, lakini watu walilala vizuri zaidi wakisikia zao zikijibu.

Rada ya mizinga ilitoa umbali, haikutoa pembe ya juu. Walipoiongezea kipimo hicho ikawa inadanganywa na mawimbi yanayodunda kwenye vilima. Suluhisho: tandika chini uwanja bapa wa wavu wa chuma, pembe nane, upana kama mita 120. Wavu ni ule ule wa mabanda ya kuku, na agizo lao lilifagia akiba ya nchi nzima.

Mbishi Halali

Kuhusu kukosa shabaha, tukumbuke Mwanza 1979: Tu-22 ya Libya ilitumwa kulipua matangi ya mafuta, mabomu yakaangukia hifadhi ya Saanane yakaua swala. Hiyo ni miaka 39 baadaye, na ndege ya jeti.

Mzinga wa Bandari

Na mwaka 1940 kuna tafiti za redio zilizowafanya Wajerumani walenge usiku vizuri kuliko tulivyozoea kudhani. Knickebein: mihimili miwili ya redio, karibu megahezi 31, mmoja unaufuata kwa sikio, wa pili unaukata juu ya shabaha. R. V. Jones, mwanasayansi wa ujasusi wa Uingereza, aliugundua Juni, wakaanza kuuvuruga kwa vifaa vya hospitali vilivyogeuzwa. Kisha ukaja mfumo sahihi zaidi, X-Gerät, uliotumika Coventry 14 Novemba. Ulinzi wa usiku ulikuja kushika kasi 1941 tu, kwa Beaufighter zenye rada ndani na vituo vya ardhini vinavyotazama nchi kavu.

Ndoo na Mchanga

Mpaka hapo raia ndiye aliyekuwa mlinzi. Bomu la moto la kilo 1 ni ganda la magnesiamu lenye thermiti. Yanashuka kwa mamia, yanatoboa vigae, yanakaa darini. Pampu ya mkono inayoshikiliwa kwa mguu inataka watu watatu: mmoja kwenye mdomo wa mpira, mmoja anapampu, mmoja anabeba ndoo. Maji ya *manyunyu* kwenye bomu lenyewe, yanaliharakisha limalizike. Maji ya *mkondo* kwenye moto unaolizunguka. Ukigeuza, ukalipiga bomu kwa mkondo, linarusha magnesiamu inayowaka chumba kizima. Mchanga unalifunika ulibebe nje, haulizimi, na sakafu chini yake inaendelea kuungua.

Kibanda cha Anderson: mabati ya chuma yenye mikunjo, futi 6 na nusu kwa 4 na nusu, kimezikwa futi 4, udongo wa inchi 15 juu. Kinahimili bomu la karibu. Kinachokishinda ni maji: udongo wa mfinyanzi wa London unakijaza hadi magotini, watu wanaamua kufia kitandani. Kosa la pili ni kupunguza udongo wa juu ili kupanda maua.

29 Desemba 1940 katikati ya London kulishika moto wakati mabomba makubwa yamepasuka na Thames imekupwa kabisa. Mipira ya zimamoto haikufika maji, matope katikati. Ulikuwa usiku wa Jumapili, maghala yamefungwa kwa kufuli, hakuna mtu darini wa kupiga teke bomu la kilo moja.

Nahodha Kipwa

Umetaja kupwa, nami nitaje kupwa kwa Hitler. Agizo Na. 16 la 16 Julai lilitaka majeshi yavushwe. Watu wanadhani kilichobaki ni kushinda angani tu. Tazameni vyombo.

Walikusanya matishari kama 2,400 kutoka Rhine, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Yenye injini hayakuzidi 800 hivi. Ni vyombo vya mtoni: tumbo bapa, ubavu mfupi juu ya maji. Walikata pua, wakaweka njia ya kushushia, wakamimina zege sakafuni kubeba vifaru. Kila meli ya kuvuta ilipewa mawili, lenye injini na lisilo nayo. Mwendo: maili za bahari 2 au 3 kwa saa. Mkondo wa Dover wakati wa bamvua unafika 3 hadi 4. Mtu wa pwani hahitaji maelezo: msafara unaposema unakwenda kaskazini, maji yanaupeleka ubavuni. Na ndani kuna farasi zaidi ya 4,000, kwenye wimbi la kwanza tu.

Kisha masharti. Jeshi la nchi kavu linataka kutua alfajiri. Wanamaji wanataka mwezi kidogo usiku, misafara isigongane. Matishari yanataka kufika maji yakiwa yameanza kupwa, yakae juu ya mchanga yashushe, kisha maji yajayo yayanyanyue. Ukipanga vyote hivyo, Septemba inabakia 19 hadi 26. Nao walihitaji kama siku 10 za kutega mabomu ya majini baada ya amri.

Ulinzi wa meli? Vita vya Norway viliwaachia Wajerumani destroya (manowari za kasi) 10. Waingereza walikuwa na makumi yake kati ya Harwich na Portsmouth, na destroya ikipita kasi karibu na tishari lenye ubavu mfupi haihitaji hata kufyatua, wimbi lake linatosha.

Mbishi Halali

Kwa hiyo vita vya angani havikuwa na maana?

Nahodha Kipwa

Vilikuwa na maana kubwa. Bila ndege juu, destroya hizo zingekuwa mchana kweupe chini ya Stuka, ndege za Wajerumani za kudondosha mabomu kwa kupiga mbizi. Na bila anga, ndege za upelelezi zisingerudi na picha: Ostend, bandari ya Ubelgiji, mwisho wa Agosti ilikuwa na matishari chini ya 20, 7 Septemba zaidi ya 200. Siku hiyo hiyo jioni neno la siri "Cromwell" likatolewa, maana yake uvamizi uko karibu. Wengine wakalisoma kama umeshaanza, kengele za makanisa zilizonyamazishwa tangu Juni zikalia, madaraja kadhaa yakalipuliwa bure.

Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza ikayafuata matishari bandarini kila usiku. Kufikia 21 Septemba matishari 214 na meli 21 za uchukuzi zilikuwa zimezama au kuharibika. 17 Septemba Hitler alikuwa ameshaahirisha bila tarehe, 12 Oktoba akasogeza mpaka masika. Viwanda vya Rhine vilikuwa vinalia havina vyombo vya kubeba makaa. Wapiga picha walioruka juu ya Ostend, Calais na Boulogne wakaanza kuandika namba ndogo kuliko ya jana yake.